Kiti cha enzi, kiti cha bosi na mgongo wangu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kumalizia habari ya kuhamisha data kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, na tangu hapo kimya. Kuna walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha. Sijaacha. Nilikuwa siwezi kukaa.

Ndiyo, kukaa tu, kitendo ambacho hata mtoto wa miezi saba hukiweza. Leo basi hakuna msimbo wala hifadhidata. Leo ni habari ya kiti. Anayetaka mambo ya programu na anisubiri wiki ijayo, ila kama riziki yako iko mbele ya kompyuta kama yangu, nakuomba usome kwanza.

Kwa wageni: mimi nafanya kazi nyumbani, Kibokoni, hapa Mji wa Kale Mombasa, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani ya mawe na boriti. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mambo yalibadilika. Mtu aliweza kukaa dirishani, akasikia adhana za misikiti mitatu kwa pamoja, na huku anamtengenezea programu mteja ambaye hatamuona maisha yake yote. Intaneti ilikuja. Viti havikuja. Kwa miaka sita nilikalia kiti cha meza ya chakula, na kabla yake kile cheupe cha plastiki, ndugu ya vile vinavyokodishwa harusini na matangani. Saa kumi kwa siku. Mteja akiwa na haraka, kumi na mbili.

Mgongo ulianza kulalamika taratibu, kama programu inayovuja kumbukumbu: leo inachelewa kidogo, kesho zaidi, nawe wasema nitaiangalia baadaye. Halafu ikafika Ijumaa moja. Rakaa ya pili, tuko kwenye sijida, imamu akatoa takbira, safu nzima ikainuka. Mimi nikabaki chini. Si kwamba niliumia sana, hapana. Kiuno kilikataa tu, kama mlango ulioingia kutu. Baada ya salamu mzee mmoja akanishika mkono, akanivuta taratibu mpaka nikasimama. Kwa wiki saba zilizofuata nikawa naswali juu ya kiti, ukutani, pamoja na wazee watatu ambao mdogo wao amepita miaka sabini. Mimi nina miaka 37. Hakuna aliyenicheka. Walinisogezea kiti na kuniuliza hali, na huo wema wao ndio uliokuwa mzito kuubeba kuliko kicheko.

Hospitali nilikwenda. Daktari aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama inalegea, kama nashindwa kuzuia haja. Akasema mtu mwenye dalili hizo asingoje wala asitafute kiti wala dawa ya kuchua, akimbizwe. (Naandika hili makusudi, kwa kuwa sisi huku mgongo ukiuma twaanza na mafuta ya karafuu, na wengine huishia hapo hapo.) Zangu hazikuwemo. Akanipa dawa za siku chache na mazoezi, kisha akauliza, "Wakaa saa ngapi kwa siku?" Nikamwambia. "Juu ya nini?"

Swali hilo la pili ndilo lililonipeleka madukani.

Kosa la kwanza ni kwamba nilikwenda na pesa bila kipimo. Duka lilikuwa na baridi ya kiyoyozi, viti vimepangwa kama magari, na muuzaji kijana mwenye maneno matamu. Akaniweka kwenye kiti kikubwa cheusi cha ngozi bandia, mgongo wake unafika kisogoni, mikono minene kama mito ya kitandani. "Hiki, boss, ni cha daktari kabisa. Kina lamba sapoti." Alikusudia ule mwinuko wa chini unaotegemeza kiuno, ambao Wazungu huuita lumbar. Nami nililambwa kweli: shilingi 18,500.

Wiki ya kwanza nilijiona mkurugenzi. Mke wangu alipita mlangoni na chai, akasema, "Hongera, umepandishwa cheo." Wiki ya pili shati likawa linanata mgongoni, kwa sababu ngozi bandia na joto la Mombasa la mwezi wa pili ni maadui wa damu. Wiki ya tatu maumivu yalirudi yote, na sasa miguu nayo ikawa inawaka nyuma ya magoti. Nikajilaumu mimi: labda sikai vizuri, labda mgongo wangu umeshaharibika. Haikunipitia akilini kukilaumu kiti. Kiti cha 18,500 kinakosaje?

Wiki hiyo hiyo tulikwenda posa kwa jamaa zetu, karibu na Ndia Kuu. Ukumbini mwao kuna kiti cha enzi. Wasomaji wa bara huenda hawajakiona, basi nikieleze. Ni kiti cha mpingo, kipana, kimenyooka wima, kimepambwa vipande vya mfupa au pembe za ndovu, na mgongoni pamejazwa vibao vya kamba zilizosukwa kwa mkazo. Mbele kina kibao cha kuwekea miguu. Mafundi wa Lamu, Pate, Siyu na Unguja walivitengeneza sana karne ya 19, na Makumbusho ya Lamu wanavyo. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho hayo, aliviandikia makala nzima mwaka 1989 kwenye jarida la African Arts. Kilikuwa kiti cha mwenye nyumba mkubwa, au cha mgeni wa heshima. Jina lenyewe lasema: enzi, ukubwa, mamlaka.

Mwenye nyumba alipoona nasimama simama akanionea huruma, akaniruhusu nikikalie. Nikakaa. Mtu anapokaa pale, hata akiwa mwandishi wa programu mwenye kiuno kibovu, anakuwa sultani. Kifua mbele, shingo juu, mikono imelala. Lakini hakikubali uegemee kwa raha. Hakikutengenezwa kwa kupumzika. Kilitengenezwa ili uonekane.

Nikiwa nimekaa hapo, wanaume wanazungumza mahari, mimi akili yangu iko kwenye kile cheusi nyumbani. Tazama ofisi zetu: karani ana kiti kifupi, mkubwa wake ana kiti chenye mgongo wa kufika mabegani, na mkurugenzi ana kile kinachopita kichwa. Urefu wa mgongo wa kiti haupimwi kwa urefu wa mgongo wa mtu, unapimwa kwa cheo. Kiti cha bosi ni mjukuu wa kiti cha enzi. Na mimi nilikuwa nimenunua enzi, nikadhani nimenunua dawa.

Ila nikaona pia mambo mawili ambayo yule mpambaji wa mpingo aliyajua na muuzaji wangu hakuyajua. Kwanza zile kamba: upepo unapita mgongoni. Mwaka 1994 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilitoa kiti kinachoitwa Aeron, kazi ya Bill Stumpf na Don Chadwick, kisicho na sponji wala ngozi, ni wavu uliokazwa. Kampuni za intaneti zilikinunua kwa wingi, na zilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikawa alama ya kuporomoka kwake. Ulimwengu ulishangaa, ati kiti cha wavu! Sisi kamba za kukazwa tulikuwa nazo karne nzima kabla, kwenye viti na kwenye vitanda. La pili ni kile kibao cha miguu. Nitakirudia.

Baba yangu ni fundi cherehani. Ana kibanda chake karibu na Biashara Street na amekaa mbele ya cherehani kwa zaidi ya miaka arubaini. Alikuja kuniona jioni moja, akapanda ngazi zetu kwa shida, akanikuta kwenye kiti cheusi. Hakusema kitu. Akazunguka nyuma, akazunguka mbele. Kisha akasema, "Hebu egemea."

"Nimeegemea, Baba."

"Hujaegemea. Hapa pana nafasi, mkono wangu wapita." Akaupitisha kweli, kati ya kiuno changu na kiti. "Rudi nyuma mpaka mwisho."

Nikarudi nyuma mpaka mwisho. Ukingo wa mbele wa kiti ukanikata nyuma ya magoti, na miguu ikainuka kidogo kutoka sakafuni, kama mtoto kwenye matatu.

Akavua futi shingoni, ile anayotembea nayo kila mahali hata sikukuu, akanipima. Paja, kutoka mwisho wa makalio hadi nyuma ya goti: sentimita 46. Kiti, kutoka mgongoni mwake hadi ukingo wa mbele: 53. Akanitazama kwa ile huruma ambayo mafundi huwa nayo kwa wateja waliokwenda kushona kwengine. "Mwanangu, wavaa koti la mtu mwengine."

Wadau, hapo ndipo hitilafu ilipokuwa, na nilikuwa nimeipita wiki tatu. Nilikuwa nashughulika na mtegemeo wa kiuno, kama ni mgumu au laini, kama uko au hauko, wakati kiuno changu hakikuugusa hata siku moja. Kiti kikiwa kirefu kuliko paja lako una njia mbili tu. Ama unakaa mbele bila kuegemea, na huo mtegemeo unaegemewa na hewa, ama unateleza, makalio mbele na mabega nyuma, na uti wa mgongo unapinda kama mdodi. Mimi nilifanya yote mawili kwa zamu. Kati ya nyuma ya goti na ukingo wa kiti panatakiwa nafasi ya vidole viwili vitatu, yaani kama sentimita 5. Kwa paja langu kiti changu ni cha kina cha 41, hivi. Mimi nimekalia 53!

Na ule mwinuko nao tuliupima. Ulikuwa sentimita 30 juu ya kikalio. Kiuno cha watu wengi huingia ndani mahali fulani kati ya sentimita 15 na 25. Changu kiko 18. Maana yake hata ningefaulu kuegemea, ungenisukuma chini ya mabega na kuniongezea kupinda. Aeron waliligundua hili mapema, ndiyo maana kilitoka kwa saizi tatu, A, B na C, kama viatu. Kile changu kilitoka kwa saizi moja, ya bosi.

Nilifikiria kuagiza Aeron. Nilifikiria kwa muda wa dakika nne. Bei yake kikiwa kipya ni zaidi ya dola elfu moja, na tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka samani kwenye fungu la ushuru wa asilimia 35, kabla hujagusa kodi nyingine. Nikafunga ukurasa.

Basi nikafanya kama ninavyofanya na programu iliyokorofika: nikafungua jedwali na kuandika kila kitu. Saa niliyokaa, nilivyokaa, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Na kanuni moja, ambayo wanaoandika programu wanaijua na wanaouza viti hawaijui: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kiti, meza na godoro siku moja, hutajua kamwe kilichokuponya.

Jedwali lilinifunza jambo ambalo sikulitarajia. Siku ambazo nilikuwa nasoma tu, maumivu yalikuwa 3 au 4. Siku za kuandika sana, 7. Kiti ni kile kile. Baba akarudi na futi yake. (Alikuwa ameanza kufurahia.) Meza yetu ina urefu wa sentimita 76 kutoka sakafuni. Mimi nikikaa miguu ikiwa imetulia chini, kikalio kinatakiwa kiwe kama 42, na kiwiko changu kinakuwa 64. Meza imenizidi sentimita 12! Nilikuwa nikiandika mabega yamepandishwa masikioni kutwa nzima, na kichwa kimeinamia kilaptopu, kwa sababu laptopu ni mnyama wa ajabu: ukiweka kibodi mahali pazuri skrini inakuwa chini, ukiweka skrini mahali pazuri kibodi inakuwa juu.

Suluhisho la wazi ni kukata miguu ya meza. Meza hiyo tulipewa na mama mkwe. Tuendelee.

Kama meza haishuki, mtu ndiye apande, na akipanda miguu inabaki hewani. Na hapo ndipo nikakikumbuka kile kibao cha kiti cha enzi. Nilidhani ni pambo la ukubwa, mheshimiwa asikanyage chini. Huenda lilikuwa hilo pia, lakini mtu akikaa juu bila kukanyaga, uzito wote wa miguu unaning'inia kwenye mapaja na kukivuta kiuno. Hata serikali imeliona hilo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa kazi ya kukaa kiti kinachomfaa yeye na kazi yake, pamoja na kibao cha kuwekea miguu kama hawezi kukaa vizuri bila hicho. Kinachomfaa yeye, si kinachofaa wastani wa watu. Nikataka kumshtaki mwajiri wangu, nikakumbuka ni mimi.

Sasa nilikuwa na karatasi ya vipimo mfukoni, na kutafuta kukawa kwepesi. Sikuhitaji kusikiliza maneno ya mtu. Nilikwenda kwenye bohari moja upande wa Shimanzi wanakouza samani za ofisi za mtumba, zile zinazotoka ofisi za Ulaya zikivunjwa au zikihamishwa. Viti vimelundikwa mpaka darini, vumbi, kimoja mkono umekatika, kingine magurudumu matatu. Lakini tofauti na vile vipya vya dukani, karibu kila kimoja kilikuwa na vishikio chini: cha kupandisha, cha kulaza mgongo, na vingine cha kusogeza kikalio mbele na nyuma. Vilitengenezwa kwa ofisi ambako leo anakaa mrefu, kesho mfupi. Nilitoa futi, nikaanza. Vijana wa pale walicheka mpaka wakaketi chini. "Fundi, wakipimia kiti suruali?"

Niliwaambia ndiyo.

Nilikalia viti vinane, kila kimoja dakika ishirini. Dakika mbili hazitoshi, kwa dakika mbili hata kiti cheusi kilikuwa pepo. Kuna mambo mengine nilijifunza hapo kwa kuungua. Ukikuta kiti cha mtumba, kipandishe mpaka juu kabisa, ukikalie, uwe na subira. Kama baada ya dakika kumi umeshuka bila kugusa kitu, silinda yake ya gesi imechoka. Inabadilishwa, haitengenezwi, wala usimkubalie mtu akwambie ataifungua aijaze, kwa sababu ndani mna gesi iliyoshindiliwa na inaweza kuruka na kumjeruhi. Kisha hesabu miguu ya chini, iwe mitano, maana ya minne hupinduka kirahisi. Kisha ushike mgongo wa kiti uutikise. Ukicheza, skrubu zimekula chuma.

Nilichochagua kilikuwa kibaya kuliko vyote kwa sura. Kitambaa cha kijani kilichofifia, mkono mmoja haupo, gesi imekufa. Lakini kikalio kilirudi mpaka 40, mgongo wake ulipanda na kushuka, na kitambaa kinapumua. Shilingi 7,000, silinda mpya 2,500. Jumla 9,500, nusu ya enzi.

Kukifikisha nyumbani ni kisa kingine. Tuktuk ilikataa, nikachukua mkokoteni. Mimi na hamali tukatoka Shimanzi, tukapita Makadara, mimi natembea pembeni na mgongo wangu mbovu kama ninayesindikiza bibi harusi, na kila baraza tunayopita watu wanauliza bei. Vichochoro vya Kibokoni vinajulikana, mkokoteni na pikipiki vikikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mlangoni kwetu kiti kikagoma kuingia kwa sentimita tatu. Tukafungua ule mkono uliobaki, kikapita. Sijaurudisha mpaka leo, na sijauona umuhimu wake.

Kilibaki kiuno chenyewe. Mtegemeo wa kiti kile ulikuwa umekufa, sponji imelala kwa kukaliwa na watu wa miaka mingi. Nikaenda kwa fundi wa magodoro, nikamwambia nataka mto wa sufi, mrefu wa sentimita 35, mwembamba kama mkate wa boflo. Akauliza wa mtoto? Nikasema wa kiti. Wa kwanza aliujaza kwa ukarimu, sentimita 8, nao ukawa unanisukuma mbele kama mtu anayenitoa ofisini. Nikaufumua mshono, nikatoa sufi kidogo kidogo, siku moja baada ya nyingine, na kila siku nikiandika kwenye jedwali. Ulipofika kama sentimita 5 nikaacha. Nimeufunga kwa ukanda kwenye mgongo wa kiti, 18 juu ya kikalio, usawa wa mshipi wa suruali. Sponji hulala, sufi nayo hulala, lakini sufi unaichambua, unaianika juani darini na inafufuka. Bibi yangu alifanya hivyo kila mwaka na magodoro ya nyumba nzima.

Kibao cha miguu kilichongwa na seremala kwa kipande cha mlango wa zamani, sentimita 10 kwenda juu. Laptopu nimeiinua kwa vitabu vyangu vya Java vya enzi za chuo, ambavyo hatimaye vimepata kazi, na nimenunua kibodi ya pembeni. Kiti cheusi nilimuuzia jirani kwa 10,000. Yeye ni mrefu karibu mita mbili, na tangu hapo anakisifu kwa kila mtu. Hana makosa. Ni koti lake.

Sasa niseme ukweli ili msije mkanilaumu: kiti hakikumaliza kazi. Jedwali langu lilishuka kutoka 7 hadi 4, likakwama hapo. Nikaanza kusoma. Miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Sweden na wenzake waliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu walio hai, wakapata kwamba kukaa bila kuegemea kunazibana kuliko kusimama. Hapo ndipo ilipotoka hofu nyingi ya kukaa. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na timu yake wa Ulm, Ujerumani, waliweka kipimo kwenye diski ya mtu mmoja aliyejitolea, na kwake kukaa kwa kawaida hakukuzidi kusimama; kilichopandisha shinikizo ni kuinama mbele. Mtu mmoja si ushahidi wa dunia nzima, lakini mimi nilijitambua humo. Sikuwa nakaa, nilikuwa nainamia. Na saa nne mfululizo bila kuinuka hazina kiti chake, hata kile cha dola elfu.

Nilijaribu programu za kunikumbusha nisimame. Nilizizima zote kufikia siku ya tatu, kama sisi sote. Kilichofaulu kilikuwa chini ya dirisha langu siku zote. Muuza kahawa hupita na dele lake asubuhi na alasiri, akigonganisha vikombe, kling kling. Nikimsikia nashuka ngazi, kikombe kimoja, napanda. Adhuhuri na alasiri nazifuata msikitini badala ya kuziswali chumbani. Maji ya kunywa nayaacha chini jikoni makusudi, si mezani. Mteja wangu hajagundua chochote, ila ameniambia siku hizi najibu haraka.

Ilikuwa Jumatano, alasiri, si siku maalumu. Nilisimama kwenye safu badala ya ukutani, bila kumwambia mtu. Nikaenda chini taratibu, nikainuka taratibu. Yule mzee aliyenivuta mkono alinitazama baada ya salamu, akakikunja kile kiti changu na kukiegemeza nyuma ya mlango.

Baba nilimshonea mto wake wa sufi pia, kwa vipimo vyake. Aliushukuru, akauweka kwenye kibanda, na paka ndiye anayeulalia. Yeye bado yuko kwenye kile kigoda chake cha miaka yote, goti juu, mgongo kama ndoana. Juzi alipokwenda kuswali nilichukua futi yake nikakipima. Kimemzidi kwa sentimita 4. Seremala nimeshaongea naye, atakuja Jumamosi wakati wa adhuhuri na msumeno. Baba hajaambiwa.